Msomaji wa Nyufa

Chini ya meza ya fundi yule wa miwani palikuwa na kopo la biskuti lisilo na biskuti. Mlikuwa na vioo vya miwani vilivyoharibika, kila kimoja kimefungwa katika kikaratasi chenye neno moja la penseli: gari, mvuke, spiriti, pafyumu. Walikuwa marehemu wake, na fundi aliujua ugonjwa uliomwondoa kila mmoja.

Nilifika kwake, kichochoroni Kariakoo, baada ya duka jingine kunitazama mara moja tu na kuniambia ninunue vipya. Namba yangu ni kubwa, hasi 8, kwa hiyo huvaa vioo vyembamba vya plastiki, vya kipimo cha kupinda mwanga cha 1.67, vilivyoniepusha na vitako vya chupa alivyovaa baba yangu hadi pua yake ikaota sugu. Sasa vilikuwa vimejaa nyufa ndogondogo, kama tope la mbuga lililokauka, na usiku kila taa ya gari ilinijia na ukungu.

Nilimwamkia. Hakutaja bei. "Mwanangu, miwani hii hulala wapi?"

Nikakiri kwamba mara nyingi huisahau kwenye dashibodi, juani. Hakunilaumu. Aliisuuza kwa maji baridi, akaikausha kwa kuigusagusa na kitambaa, akaiinamisha chini ya balbu. Mng'ao wa kijani ukateleza juu ya kioo, ukafika penye nyufa, ukavunjika. Akaigeuza kidogo, mng'ao ukapita tena. Alirudia hivyo muda mrefu, akiishika ukingoni tu kwa ncha za vidole, midomo ikicheza kama ya mtu anayesoma barua ya mwandiko mbaya. Mteja wa pili aliingia, akangoja, akaondoka. Fundi hakumwona.

"Joto peke yake lingetapakaza nyufa kioo kizima," alisema mwishowe. "Hizi zimeanzia hapa, penye skrubu, ndipo zikatambaa kwenda katikati."

Akaiweka kati ya vipande viwili vya plastiki nyeusi vinavyochuja mwanga, akaielekeza dirishani. Katika giza lile, pembeni mwa kioo, pakawaka weupe. Palikuwa pamebanwa. Aliyekikata alikiacha kikubwa kuliko fremu, unywele tu, kisha akakisukuma na kukaza skrubu. Jua la dashibodi lilikuja kumalizia. Plastiki hutanuka, lakini utando ulio juu yake, wa madini yaliyogeuzwa mvuke ndani ya tangi lisilo na hewa yakatua safu juu ya safu, haukubali kuifuata, basi hupasuka. Utando huo haufiki hata sehemu 1 kati ya 1,000 ya milimita. Pasipo huo, kioo cha 1.67 hurudisha takriban asilimia 12 ya mwanga unaokijia.

Mwishoni mwa karne ya 19, Dennis Taylor, mtengenezaji wa lenzi wa York, Uingereza, aligundua kwamba lenzi kuukuu zilizochujuka uso zilipitisha mwanga mwingi kuliko mpya. Mwaka 1935 Alexander Smakula wa Zeiss, kule Jena, akabuni njia ya kuzivika lenzi utando huo kwa makusudi. Huwa nalikumbuka hilo kwa heshima: kazi hii nzima ilitokana na mtu aliyekikazia macho kioo kilichoharibika.

Nilimuuliza kama nyufa zinatibika. "Utando haurudi," akasema, kwa huzuni ya kweli. Ungekuwa umebanduka vipandevipande, angeuliza kuhusu mafuta ya vidole kabla ya kupakwa. Angechora miraba kwa wembe kwenye kioo kibovu, abandike selotepu, avute aone kinachotoka nayo. Kioo chenye pete za rangi za upinde wa mvua angekirudisha kiwandani. Changu kipya alikikata, akakipunguza, akakijaribu tena kati ya zile plastiki mbili hadi weupe ukatoweka. Mara tatu.

Pale pake sasa wanauza makava ya simu. Vijana wa maduka ya miwani nimewauliza, kwa upole, kwa nini utando hupasuka. Wamenijibu, "Tunabadilisha tu, mzee." Wana mashine za kukata ambazo yeye hakuziota, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza miwani yangu hulala wapi.

Lile kopo sijui liko kwa nani. Kioo changu cha zamani kimo humo. Alikifunga mbele yangu, akalamba ncha ya penseli, akaandika: skrubu.