Sikio la Mkutubi: Kuitambua Kazi ya Fundi

Ukitaka kujua kama riwaya ya Kiswahili imeandikwa na fundi, usianze na ukurasa wa kwanza. Huo kila mwandishi huusugua mpaka ung'ae. Ifungue katikati, tafuta mahali watu wawili wanazungumza, ziba majina yao kwa kidole, kisha soma kwa sauti. Ukiweza kumtambua mzee ni yupi na kijana ni yupi, nani mwenyeji na nani mgeni, nani anadai na nani anadaiwa, rudi mwanzo, ukae usome. Wote wakisema kwa sauti moja, ile ya mwandishi mwenyewe, irudishe rafuni.

Mimi ni mkutubi, na watu hunijia na ombi lilelile: nipe kitabu kizuri, nitajie wimbo wa maana, filamu gani yetu inafaa kuangaliwa na familia nzima. Wenzangu wengine hutazama tuzo, wengine jina la mwandishi. Mimi hutumia sikio kwa vyote vitatu. Kiswahili kimeandikwa kwa karne nyingi, na Utendi wa Tambuka una nakala ya 1728, lakini hata kazi hizo za hati za Kiarabu zilitungwa ili zighaniwe mbele ya watu. Msomaji wetu anasikiliza hata anaposoma kimya, na mwandishi asiyelijua hilo hatamshika.

Katika rafu ya 896.392, ndiyo namba ambayo mpangilio wa Dewey umeitengea fasihi ya Kiswahili, kitabu ninachokishika mara nyingi kuliko vyote ni Vuta n'kuvute cha Adam Shafi, kilichotoka 1999. Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa mwanamume aliyemzidi mno umri, anaikimbia ndoa na kuingia Ng'ambo, mjini Unguja, enzi za Waingereza. Sikiliza anavyosema siku za mwanzo na anavyosema akishaishi na rafiki yake Mwajuma. Lugha yake inalegea, inachangamka, inaanza kubeba utani wa mtaa. Adam Shafi hatuambii kwamba msichana amebadilika. Anamwacha aseme, tukasikia wenyewe. Ndivyo alivyofanya pia katika Kuli, riwaya ya 1979 kuhusu wapagazi wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa 1948. Makuli wanapozungumza, uzito wa gunia umo ndani ya sentensi.

Lakini kipimo cha kidole kina mipaka, na mpimaji mwaminifu huijua. Chukua Kusadikika ya Sheikh Shaaban Robert, ya 1951. Karama anasimama barazani kujitetea, anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, na kila anayefungua kinywa ananena kwa ufasaha uleule wa hali ya juu. Kidole hakitakusaidia hapo. Hao ni watu wa istiara, majina yao yenyewe yanatangaza tabia zao. Kazi ya aina hiyo huipima kwa mizani ya sentensi. Soma aya moja kwa sauti, kisha isome tena ukiondoa neno moja. Kwa Shaaban Robert utahisi aya imechechemea. Kwa wengi waliomuiga unaweza kuondoa maneno kumi na usikose kitu.

Hapa nataka niseme jambo ambalo baadhi ya wazee wa pwani hawanikubalii. Wingi wa msamiati si dalili ya ubora. Euphrase Kezilahabi alizaliwa Ukerewe mwaka 1944, akaandika Kiswahili cha sentensi fupi, kisicho na mapambo, na wapo waliokidharau kwa kukosa ladha ya mwambao. Soma Rosa Mistika ya 1971, kitabu kilichowahi kupigwa marufuku mashuleni. Baba anampiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana, na mwandishi anakuonyesha tukio lile bila kivumishi cha kukusaidia ulie. Ukavu ule ndio unaouma. Baadaye mwandishi huyohuyo akatoa Nagona mwaka 1990, kijitabu chembamba, kisichofika kurasa 100, ambamo njia zote za kawaida za hadithi zimevunjwa. Nagona simpi msomaji wa mara ya kwanza. Humpa aliyekwisha kuisoma Rosa Mistika na akarudi akiuliza maswali.

Kuhusu methali, nina ukali wangu. Mwandishi akiweka methali mdomoni mwa mtu, ifute uone kama mazungumzo yamepungukiwa. Katika kazi ya fundi, methali ni hoja: inamnyamazisha mtu, inakataa ombi bila kutukana, inamkumbusha mkwe deni lake. Katika kazi ya mwanagenzi imewekwa ili mwalimu wa darasa apate kitu cha kuuliza kwenye mtihani. Ukikuta tatu katika ukurasa mmoja na hakuna aliyebadilisha msimamo kwa sababu yake, funga kitabu.

Sasa nije kwa kitabu ninachokipenda kuliko vyote, ambacho wasomaji wengi hukitazama unene wake wakakiacha. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe habari za Bwana Myombekere na mkewe Bugonoka, wapendanao waliokosa mtoto. Hakupata mchapishaji. Akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, na kitabu kikatoka 1980 Dar es Salaam, yeye akiwa mzee sana. Mwaka uliofuata akafariki. Ndugu wa mume walimsimanga Bugonoka kwa ugumba, wazazi wake wakamchukua, na Myombekere anakwenda ukweni kumwomba arudi. Hayo tu yangemtosha mwandishi mwingine kurasa tano. Kitereza anakupitisha katika kila salamu, kila kimya cha mkwe, kila hatua ya kutengeneza pombe ya ndizi anayodaiwa ailete. Hapo ndipo ninapopima kitu kingine ambacho kidole na methali havikipimi: je, mwandishi anaijua kazi ya mikono anayoisimulia? Kitereza anajua. Ukimaliza sura ile, unaelewa ndizi zinavyoivishwa na kukamuliwa, na unaelewa pia kwa nini mwanamume yule hawezi kuharakisha hata akitaka, maana pombe haina haraka na mapenzi yake yanapimwa kwa subira hiyo. Kiswahili chake kina mwendo wa Kikerewe ndani yake, na baadhi ya wahariri wangetamani kuunyoosha. Namshukuru Mungu hawakuunyoosha.

Msomaji anayeogopa unene huo humpa Siku Njema ya Ken Walibora, ya 1996. Mama wa msimulizi ni mwimbaji wa taarabu wa Tanga, mwana anaondoka kumtafuta baba nchi jirani, na ukiianza huiweki chini. Sadfa zimezidi, hilo nakiri. Watu wanakutana mahali ambapo dunia ya kweli isingewakutanisha. Lakini lugha yake ina furaha ya mtu anayeogelea, na kijana wa miaka 15 akiisoma hii atarudi kuomba nyingine. Hiyo nayo ni sifa, na mkutubi akiipuuza rafu zake zitajaa vumbi.

Ukishaijua kazi, kagua nakala. Tazama ukingo wa kurasa kitabu kikiwa kimefungwa. Kama weusi wa vidole umefika theluthi tu na kurasa zilizobaki ni nyeupe, wasomaji waliotangulia waliishia hapo, na wao hawakuwa wajinga. Kama weusi umekwenda mpaka mwisho, hicho kimesomwa. Fungua ukurasa wa nyuma ya jina la kitabu, utofautishe toleo na chapa: toleo jipya lina mabadiliko ya mwandishi au mhariri, chapa mpya ni mashine tu imewashwa tena, na mara nyingine makosa ya herufi yameongezeka. Na tafadhali usichukue mwongozo wa riwaya ukadhani umeisoma riwaya. Miongozo ile inakutajia dhamira na wahusika, lakini sauti haimo, na sauti ndiyo kazi yenyewe.

Kwa muziki, nianze na nyimbo kongwe. Mwimbaji wa taarabu Bi Siti binti Saad na wenzake walikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, na upande mmoja wa santuri za zama zile ulibeba dakika tatu tu hivi. Usikilizapo, usiuhukumu mkwaruzo. Huo ni wa chombo. Sikiliza alivyoyapanga maneno ndani ya nafasi finyu bila kukimbizana na ala, na jinsi kila silabi inavyofika nzima. Wimbo wake wa Kijiti unasimulia kisa cha kweli: mwanamke aliyekuja Unguja kutoka Bara akauawa, muuaji akatoroka, na wanawake waliokuwa naye ndio wakatiwa hatiani. Mahakama ilishindwa, wimbo ukataja jina la muuaji. Kwa hiyo anayesema kwamba taarabu njema lazima ifumbe, huyo hajamsikiliza Bi Siti vizuri. Fumbo ni kwa jambo ambalo jirani na jirani lazima waendelee kuishi nalo. Mpasho mzuri nao huupima kwa hilo: mlengwa ajijue, na watu mia waliokaa ukumbini waweze kucheza bila kujua ni nani.

Taarabu ya ala nyingi, kama ya Nadi Ikhwan Safaa iliyoanzishwa Unguja mwaka 1905, au Culture Musical Club ya 1958, ina kipimo chake. Tega sikio mwimbaji anapopumua. Katika kundi zuri, kanuni au fidla inaingia katika pengo lile kumjibu, kisha inampisha. Katika kundi bovu kila mpigaji anajaza pengo kwa wakati mmoja, na shairi linazama. Mombasa, Juma Bhalo alikuwa na bahati ya kuimba mashairi ya ndugu yake Ahmad Nassir, mtunzi wa Malenga wa Mvita. Chukua shairi, lisome kavu kama ulivyolikuta kitabuni, uhesabu mizani minane kwa minane, kisha uweke kanda. Utamsikia Bhalo akiirefusha silabi moja, akiibana nyingine, kwa lahani zenye harufu ya filamu za Kihindi, na mizani haivunjiki. Shairi lisilosimama likisomwa kavu halitaokolewa na sauti nzuri. Nimewahi kujaribu na mengi.

Dansi ni uwanja mwingine, nami nitausema kwa ufupi. Kwa Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki ajalini mwaka 1979, fuata gitaa la solo baada ya maneno kwisha: linaendelea na kisa, halijionyeshi. Kwa Marijani Rajabu, sikiliza Zuwena kama hadithi fupi, ujiulize kama ungetaka kujua yaliyompata mhusika hata bila ngoma. Wanamuziki waliorekodi katika studio ya Radio Tanzania walipiga pamoja, chumba kimoja, na hilo linasikika: mpiga besi anaposubiri, anamsubiri mtu anayemwona.

Filamu zetu ndizo zinazonipa taabu kubwa, maana nyingi zimefunikwa na muziki kuanzia dakika ya kwanza hadi ya mwisho, kana kwamba mtayarishaji haamini nyuso za waigizaji wake. Zima sauti kwa dakika tano. Kama unaelewa nani anamwogopa nani, mpiga picha anaijua kazi. Kisha washa sauti ufumbe macho. Kama unajua uko wapi, kwa adhana, kwa pikipiki, kwa namna watu wanavyoitana, basi na mnasa sauti ni fundi. Arusi ya Mariamu ya 1985 inapita vipimo vyote viwili kwa dakika 36 tu. Hofu ya mwanamke mgonjwa mbele ya mganga iko usoni kabla haijawa maneno. Nairobi Half Life ya 2012 ina nguvu masikioni: kijana akitoka kijijini kuingia jijini, Kiswahili chake kinakutana na Sheng, na kila genge lina namna yake ya kusema. Hiyo usiiwashe mbele ya watoto wadogo. Kwao weka Supa Modo ya 2018, ukae nao mpaka mwisho, kwa sababu watakuwa na maswali kuhusu mtoto yule mgonjwa na jirani wanaompa filamu yake.

Vuta n'kuvute ya Amil Shivji, iliyoonyeshwa Toronto mwaka 2021, imeacha mengi ya kitabu, na wasomaji wa Adam Shafi wamenilalamikia. Mimi naitetea. Mwongozaji ameuondoa utani wote wa Ng'ambo ambao kamera isingeweza kuubeba, akaweka mahali pake vivuli vya vichochoro, mvua na kimya kati ya Yasmin na mpenzi wake Denge. Kiswahili kilichobaki ni cha Unguja kwelikweli, hakikusafishwa kwa ajili ya mtu wa mbali. Anayeniomba vyote viwili humpa kitabu kwanza, na filamu akikirudisha.