Cheni, Gololi na Neno "Mfumo"

Tuzungumzapo utamaduni wa taifa, aghalabu twataja ngoma, mavazi, mashairi na desturi za harusi. Vyombo vya kazi twawaachia wahandisi, kana kwamba jembe na cherehani havina sehemu katika maisha ya nafsi za watu. Naona hilo ni kosa. Chombo ambacho watu wamekitumia miaka mingi, wakakivunja, wakakitengeneza na kukipa majina, kimekwisha kuwa chao hata kama kilizaliwa ng'ambo. Katika makala haya nataka kukihakiki chombo kimoja cha namna hiyo, yaani baiskeli, na kukilinganisha na mitambo mipya iliyojaa maofisini na mifukoni mwetu. Sitapima kasi wala bei. Nitauliza tu kama mtumiaji aweza kujua chombo chake kimeharibika wapi, na kama ana neno la kuusemea ubovu huo.

Kwanza yafaa tuondoe dhana moja. Wengi hudhani kuwa kitu sahili ni kitu duni. Umbo la baiskeli tulijualo leo, lenye magurudumu mawili yanayokaribiana ukubwa na cheni iendayo nyuma, lilipata sura yake mjini Coventry, Uingereza, mwaka 1885, kwa kazi ya John Kemp Starley. Cheni yenyewe, yenye vijiroli vizungukavyo, ilikuwa imebuniwa na Hans Renold huko Manchester mwaka 1880. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyeishi Belfast, akaleta tairi la upepo. Gololi zilizomo kwenye ekseli lazima zilingane kwa kiasi kisichoonekana kwa macho, tena ziwe ngumu kuliko chuma cha kawaida. Hakuna mhunzi wa kijijini awezaye kuzifua. Kwa hiyo baiskeli ni sahili kuisoma, wala si sahili kuitengeneza upya. Kazi ngumu ilikwisha fanywa kiwandani, na matokeo yake yakaachwa wazi mbele ya macho ya kila mtu.

Tazama gurudumu. Baiskeli za mtindo wa Kiingereza kwa kawaida zilikuwa na spoki 32 mbele na 40 nyuma. Spoki ni waya mwembamba tu, ukiusukuma hupinda. Hauwezi kumbeba mtu na gunia lake la mahindi kwa kusimama kama nguzo. Gurudumu hubeba kwa sababu spoki zote zimekazwa, kila moja ikiivuta rimu kuelekea katikati, na mvuto wa moja hujibiwa na mvuto wa nyingine. Fundi anaponyoosha gurudumu huipindua baiskeli, akalizungusha gurudumu, akaweka kidole karibu na rimu na kuona linalalia wapi. Likilalia kulia, hukaza spoki za kushoto na kulegeza kidogo za kulia. Kisha hupitisha ukucha katika spoki moja baada ya nyingine, akisikiliza. Iliyolegea hutoa sauti nzito, na iliyokazwa hutoa sauti nyembamba. Mimi niliyezoea kuhesabu mizani kwa vidole nilishangaa nilipoliona jambo hilo mara ya kwanza. Mtu ambaye hakusoma kanuni yoyote ya fizikia alikuwa akisahihisha gurudumu kwa sikio, kama vile malenga anavyotambua mshororo uliopungukiwa silabi kabla hajauhesabu.

Hali kadhalika pancha. Tyubu huzamishwa katika beseni la maji, mapovu yakatoka, na tundu likajulikana. Mwenye baiskeli huwa amechuchumaa pale pale, naye ameyaona mapovu. Akiambiwa matundu ni mawili, huyahesabu. Akitozwa ya matatu, hubisha. Katika miaka ya mwanzo ya 1980, fedha za kigeni zilipokuwa haba na maduka ya Tanzania matupu, viraka vilikatwa kutoka tyubu kuukuu, na tairi lililopasuka nililiona likishonwa kwa waya. Hata ile pedali ya kushoto, ambayo hufunguliwa kwa kuzungushwa kinyume cha mwenzake ili isijifungue yenyewe njiani, ilikuwa elimu ya watoto wa shule ya msingi.

Kutokana na mikono hiyo yakazaliwa maneno: spoki, gololi, friwili, keria, kiraka. Hakuna kamati iliyoketi kuyatunga. Yaliyokopwa yamevaa irabu za Kiswahili bila haya na kuingia kazini. Hata neno bodaboda, ambalo vijana wa leo hudhani lilizaliwa pamoja na pikipiki, lilianzia kwenye baiskeli zilizobeba abiria kati ya mpaka wa Kenya na wa Uganda, upande wa Busia.

Linganisha na kompyuta. Wataalamu walitupatia ngamizi, wengine tarakilishi, na watu kwa wingi wao wakaendelea kusema kompyuta. Siwalaumu waliotunga, lugha isiyojaribu hudumaa. Lakini mabishano yote yale yalihusu jina la kasha zima. Yaliyomo ndani hayakubishaniwa, maana hayakuguswa. Kwa simu ya mkononi mambo ni nafuu kidogo. (Simu, kwa asili yake ya Kiajemi, ni waya, na leo neno hilo limebakia kwenye chombo kisicho na waya.) Wananchi wenyewe wametuambia kioo, betri, chaji na laini, yaani zile sehemu wanazozishika. Mkono unapokoma, jina nalo hukoma. Kupita hapo husemwa "mfumo".

Neno hilo nalijua vizuri, kwani nimelitumia sana nikiwa mtumishi wa umma. Asubuhi moja alikuja ofisini mzee mmoja kufuatilia hati yake. Aliiegemeza baiskeli ukutani akaingia. Nilimwamkia, akaitikia, kisha nikamwambia, "Mzee wangu, leo mfumo haufanyi kazi."

Akaniuliza, "Umekatika wapi, mwanangu?"

Hakuwa akifanya mzaha. Aliuliza kama mtu aliyezoea kuulizwa hivyo na fundi wake. Nikasema kwamba unashughulikiwa. Akataka kujua nani anaushughulikia, naye yuko wapi. Sikujua, nilijua tu kwamba hayupo katika mji wetu. Akaondoka kwa adabu, na juma lililofuata akarudi, nikampa jibu lile lile. Sikuwa nikisema uongo. Lakini sikusema jambo lolote ambalo yeye angeweza kulipima, na mwananchi asiyeweza kulipima jibu la ofisi hana njia ya kulikataa. Fundi wa baiskeli angeona haya kumjibu mteja vile.

Huenda msomaji akaniona natamani kuturudisha nyuma. La, hasha. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na kufika Tanzania mwaka uliofuata, na tangu hapo mama aliyeko kijijini hupokea fedha za mwanawe bila mtu kupanda basi. Hakuna cheni iwezayo kufanya hivyo. Wala tusijisifu kupita kiasi kwa habari ya baiskeli: mbali na zile za Swala zilizokuwa zikitengenezwa Dar es Salaam, tuliingoja meli ituletee Raleigh ya Uingereza, Phoenix ya China na Hero ya India. Tulijua kutengeneza kilichovunjika. Hilo si dogo, lakini ndilo tulilolijua.

Tena mrithi wa fundi wa baiskeli yupo. Nenda Kariakoo umtazame kijana anayefungua simu kwa hewa ya moto na bisibisi ndogo kama sindano, mteja akiwa ameinama juu ya meza yake. Ni desturi ile ile ya beseni la maji. Tofauti ni kwamba kijana huyu hupambana na gundi iliyowekwa mahali pa skrubu, na baadhi ya watengenezaji hukifunga kipuri na simu yake kwa programu, hata kikibadilishwa kwa kipuri kizuri simu hutoa onyo. Malalamiko haya si ya maskini peke yao. Jimbo la Colorado nchini Marekani lilipitisha sheria mwaka 2023 ili wakulima wapate nyenzo za kujitengenezea mashine zao za shamba, na Umoja wa Ulaya ukatoa agizo lake juu ya haki ya matengenezo mwaka 2024. Baiskeli yenyewe haikusalimika: mwaka 2009 kampuni ya Shimano ya Japani ilitoa gia zinazobadilishwa kwa betri na mota ndogo. Zikizimika, ukucha wa fundi hausikii kitu.

Waandishi nasi tuna lawama yetu. Tumeandika "sayansi na teknolojia" mara nyingi mno, kama kitu kimoja kisicho na viungo, na tukakisifu kwa jumla. Mimi mwenyewe nimepata kutunga beti kadhaa za kuisifu kompyuta. Nilipozipitia tena baada ya miaka, vina vilikuwa sawa na mizani imetimia, lakini sikukuta sehemu moja ya mashine ile iliyotajwa kwa jina. Nilikuwa nimesifu kasha. Anayetunga kamusi naye angefaa kwenda kuketi siku chache kwenye benchi la fundi wa simu, aandike kila neno linalotamkwa pale kabla halijapotea, hata kama halimpendezi.

Yule mzee alirudi mara ya tatu. Mfumo ulikuwa bado, na safari hii hakuniuliza kitu. Alitoka nje, akaipindua baiskeli yake karibu na ngazi, akaanza kukaza spoki za gurudumu la nyuma. Watu waliokuwa wakingoja foleni wakatoka mmoja mmoja wakamzunguka, na nilipochungulia dirishani tarishi wetu alikuwa amepiga magoti, ameweka kidole kwenye rimu, akimwambia kwamba bado linalalia kushoto.