Kilomita Moja ya Waya

Ukiifungua pikapu ya gitaa la umeme utakuta vitu vichache: sumaku, waya wa shaba uliozungushwa maelfu ya mara, vibao viwili vya kuushikilia waya huo usimwagike, na nyaya mbili za kutolea sauti. Hakuna betri ndani, wala sehemu inayosogea. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, uga wa sumaku hutikisika nao, na koili inazaa umeme mdogo unaokwenda kwenye amplifaya. Michael Faraday aliionyesha kanuni hiyo mwaka 1831. Ilipita karne nzima ndipo George Beauchamp, kule Los Angeles, akazifunga sumaku zenye umbo la kwato juu ya nyuzi za gitaa, na gitaa la umeme likaanza safari yake.

Kwa kuwa kitu chenyewe ni chepesi hivyo, mpigaji anayetaka kubadilisha pikapu zake hubaki akijiuliza kwa nini moja inauzwa ghali na nyingine, inayofanana nayo kwa sura, inauzwa kwa sehemu ndogo ya bei hiyo. Naamini kabisa kwamba pikapu ya bei nafuu inaweza kuwa nzuri sana, ya kudumu nayo maisha yote. Sharti lake ni moja: aliyeitengeneza awe amezitumia pesa zake chache pale panaposikika. Kujifunza kupaona mahali hapo ni elimu tamu, na historia ya ala hii imejaa walimu.

Mwalimu ninayempenda kuliko wote ni Nathan Daniel. Alianzisha kampuni ya Danelectro mwaka 1947 kule New Jersey, Marekani, akatengeneza amplifaya kwa ajili ya maduka makubwa kama Sears, kisha kuanzia 1954 akaingia kwenye magitaa. Wateja wake walikuwa vijana na familia zenye kipato cha kawaida, kwa hiyo kila senti ilipigiwa hesabu. Mwili wa gitaa ulikuwa fremu ya mbao iliyofunikwa kwa hadibodi, ile ile tunayoijua kwenye migongo ya makabati. Ilipofika kwenye pikapu, Daniel alihitaji ganda la chuma la kukinga koili isidake kelele za umeme wa chumbani. Kulichonga ganda kama hilo upya kungegharimu sana. Akaenda kununua vikopo vya lipstiki kutoka kwa waliokuwa wakivitengeneza kwa ajili ya viwanda vya vipodozi.

Tazama ndani ya kikopo hicho uone akili ya mtu. Kuna kipande kimoja cha sumaku ya alniko, mchanganyiko wa chuma, aluminiamu, nikeli na kobalti. Waya umezungushwa kukizunguka kipande chenyewe, ukafungwa utepe, ukasukumwa ndani ya kikopo. Hakuna vijiti sita vya chini ya nyuzi sita, hakuna skrubu za kurekebisha uzi mmoja mmoja. Alivyoviacha ni vile visivyosikika sana. Alichokibakiza ni sumaku nzuri, waya wa kiasi, na chuma cha kukinga. Sauti inayotoka ni angavu, ina hewa ndani yake, kila uzi unasikika peke yake hata unapopiga kodi nzima. Mpiga gitaa maarufu Jimmy Page alilipandisha jukwaani gitaa la Danelectro kwa ajili ya wimbo wa "Kashmir", na yeye ni mtu aliyekuwa na uwezo wa kununua gitaa lolote duniani. Leo vipo viwanda vinavyoiga pikapu hiyo ya vikopo kwa uaminifu mkubwa.

Mtengenezaji mwingine, Leo Fender, huko Fullerton, California, alikuwa na tabia ya namna hiyo hiyo. Pikapu ya gitaa lake la Stratocaster la mwaka 1954 ni vijiti sita vya alniko vilivyopachikwa katikati ya vibao viwili vyeusi vya faiba, na waya ukasukwa moja kwa moja juu ya vijiti hivyo. Sumaku zenyewe ndizo mhimili wa koili. Sidhani kama kuna namna rahisi zaidi ya kuifanya kazi hii, na hadi leo hakuna aliyeipata sauti ile ya kengele kwa njia nyingine.

Waya unaotumika una upana wa takriban milimita 0.063 bila kuhesabu varnishi yake. Ni mwembamba kuliko nywele za watu wengi. Koili moja ya Stratocaster huwa na mizunguko karibu 8,000. Ukipiga hesabu ya urefu wa mzunguko mmoja, utaona kwamba ndani ya kitu kinachoenea kiganjani umelala waya wa zaidi ya kilomita moja. Ukivutwa kupita kiasi unakatika, au unarefuka na kuzidi kuwa mwembamba. Ukilegezwa, mizunguko inapwaya na pikapu inaanza kupiga mluzi mbele ya spika. Katika kiwanda cha Fender mkono wa msukaji ndio uliouongoza waya huo kwenda na kurudi wakati mashine ikizungusha koili. Abigail Ybarra aliianza kazi hiyo miaka ya 1950 na akastaafu mwaka 2013. Wapo wapigaji waliokuwa wakizitafuta pikapu zilizotoka mikononi mwake, kwa sababu mkono wa mtu hauupangi waya kwa usawa wa mashine. Mizunguko hupishana kidogo, na kule kupishana kunapunguza umeme unaojificha kati ya waya na waya, kwa hiyo sauti za juu zinapita zikiwa hai. Mafundi wetu wanaosuka mota za feni na pampu wangeielewa kazi hii mara moja, ingawa waya wao ni mnene zaidi.

Kwa mnunuzi wa leo, jambo la kufurahisha ni kwamba mashine za kompyuta zimejifunza kupishanisha waya. Zile zilizopo Korea Kusini na China zinaweza kusuka koili ya mizunguko ile ile, kwa waya wa kipimo kile kile, juu ya alniko ya daraja lile lile, siku nzima bila kuchoka. Ndiyo maana majina kama Tonerider, Artec na Wilkinson yanaheshimika miongoni mwa mafundi wa magitaa, kwa bei ambayo mara nyingi haifiki nusu ya zile za Seymour Duncan au DiMarzio. Siwabezi hawa wawili hata kidogo. DiMarzio ndiye aliyeifungua biashara yenyewe ya pikapu za kubadilishia, alipoitoa Super Distortion mwaka 1972. Kabla ya hapo mpigaji aliishi na pikapu aliyopewa na kiwanda. Ila fizikia wanayoitumia ni ya wote.

Basi pikapu ya bei ndogo ikaguliwe namna gani? Igeuze kwanza. Kwa zile za koili moja, kama chini yake kuna mche mweusi wa sumaku uliobandikwa kwa gundi, ujue vijiti vinavyoonekana juu ni chuma tu, na sumaku ni ya kauri. Hiyo ndiyo inayowekwa kwenye magitaa mengi ya wanafunzi. Chuma hicho kinaongeza uzito wa koili kiumeme na kuzifunika sauti za juu, na ile kauri huleta ukali katikati. Kama vijiti vyenyewe ndivyo sumaku, na vinafika hadi chini bila kusindikizwa na kitu, hapo pesa imekwenda pake. Lakini usiihukumu kauri kwa jina lake. Super Distortion yenyewe ni ya kauri, nayo imependwa kwa zaidi ya miaka 50, kwa sababu koili yake ilisukwa kwa kuifikiria sumaku hiyo.

Pikapu za koili mbili ni hadithi nyingine. Seth Lover wa Gibson aliomba hataza yake mwaka 1955 na kuipata mwaka 1959. Wazo lake ni la kupendeza: koili mbili pembeni kwa pembeni, ncha za sumaku zikielekea kinyume na umeme wake ukipita kinyume. Sauti ya uzi inajumlishwa, ule mvumo unaotoka kwenye nyaya za nyumba unajifuta. Kwetu, penye jenereta nyuma ya ukumbi na soketi ambazo hazina waya wa ardhi, ubunifu huo una thamani ya pekee. Zile za mwanzo, zilizobandikwa kikaratasi cha kusema hataza imeombwa, leo zinauzwa kwa fedha nyingi mno, na sehemu ya uzuri wake ilitokana na mazingira ya kazi kwenye kiwanda cha Gibson pale Kalamazoo: msukaji alisimamisha mashine koili ilipojaa, kwa hiyo koili mbili za pikapu moja hazikulingana, na sumaku ilikuwa ile iliyopatikana stoo wiki hiyo.

Kwenye pikapu ya namna hii kuna marekebisho ya bei ndogo kuliko yote ninayoyajua. Sumaku yake ni kipande kimoja bapa kilicholala chini, katikati ya koili mbili. Unalegeza skrubu nne za bati la chini, unaisukuma kauri itoke, unaingiza alniko namba 2 au namba 5 ya ukubwa ule ule. Namba 2 ni laini, namba 5 ina nguvu na besi iliyobana zaidi. Koili haiguswi, lehemu haiguswi. Pikapu iliyokuwa inafoka inaanza kuzungumza. Weka alama ya upande wa sumaku ya zamani kabla hujaitoa, kwa sababu ukiigeuza, pikapu hiyo itapingana na mwenzake zikiwashwa pamoja na sauti itakonda.

Wauzaji hupenda kutaja kiloomu. Koili ya Stratocaster husoma kama 6, ya koili mbili za mtindo wa zamani 7 hadi 8 na kidogo, na zile za muziki mzito zinapanda hadi 13 au 16. Namba hiyo isikutawale. Waya mwembamba zaidi una ukinzani mkubwa kwa kila mita, kwa hiyo pikapu inaweza kusoma juu bila kuwa na mizunguko mingi wala nguvu ya ziada. Na nguvu yenyewe ina gharama: kila mzunguko unaoongezwa unazila sauti za juu. Mpiga solo wa muziki wa dansi, ambaye kazi yake ni kuichambua nota moja baada ya nyingine juu ya gitaa la rithimu linalozunguka bila kusimama, namshauri pikapu ya nguvu ndogo. Volyumu aidai kwenye amplifaya. Uwazi ukishapotea kwenye koili, hakuna kitufe cha kuurudisha.

Kuna jambo dogo kuhusu vijiti vya Stratocaster linalonivutia kila ninapoliona. Mwaka 1954 uzi wa tatu, ule wa G, ulikuwa uzi wa kuviringishiwa waya, wenye sauti ndogo, kwa hiyo kijiti chake kiliinuliwa juu. Leo wengi tunafunga G isiyoviringishiwa waya, ambayo tayari ina sauti kubwa, na kijiti kile kirefu bado kinaisubiri. Pikapu za kifahari zinazoiga za zamani hubeba urefu huo kwa uaminifu, na uzi wa tatu unaruka kuliko wenzake. Pikapu nafuu yenye vijiti vilivyolingana inaweza kukufaa zaidi, bila mjadala wa bei.

Vipimo navyo vichukuliwe kabla ya pesa kutoka mfukoni. Kutoka uzi wa kwanza hadi wa sita ni takriban milimita 50 kwenye Gibson na 52 hadi 53 kwenye pikapu ya daraja ya Fender. Ukinunua moja tu ya kukaa na za zamani, dira ndogo itakuonyesha sumaku zake zinaelekea wapi, ili isipingane na wenzake.

Na kabla ya yote hayo, shika bisibisi. Bonyeza uzi kwenye freti ya mwisho, pima nafasi iliyobaki hadi kwenye pikapu, uishushe au uipandishe nusu milimita kwa nusu milimita huku ukisikiliza. Pikapu iliyo karibu mno huuvuta uzi mnene kwa sumaku yake hadi sauti inapinda kama imetoka kwenye tuni. Angalia pia potensiometa, kile kifaa kilicho chini ya kitufe cha volyumu: pikapu ya koili mbili iliyounganishwa na ya kiloomu 250 itasikika kama imefunikwa blanketi, na ukiiwekea ya 500 huenda ukagundua kwamba pikapu yako haikuwa na kosa.

Ikiwa bado unataka kubadilisha, na pesa inatosha moja tu, inunue ya kwenye daraja. Pale uzi unatikisika kidogo sana, kwa hiyo koili na sumaku hazina pa kujificha, na ubovu wote wa pikapu ya kiwandani husikika hapo kwanza. Ile ya shingoni inapokea mtikisiko mpana na mtamu. Hata iliyosukwa kwa haraka mara nyingi huweza kuendelea na kazi kwa miaka.