Mkono, Uma na Vijiti

Kwenye karamu moja ya ndoa hapa Goma, watu wa protokole waliweka mbele ya kila mgeni tilapia nzima ya Vitshumbi, na pembeni kisu na uma. Mzee mmoja, mvuvi wa zamani, aliangalia ule uma, akakula bugali kidogo na sombe, samaki akaiacha. Nikamuuliza sababu. Akanijibu: "Mwanangu, nikitia mkono hapa watasema mimi ni mtu wa pori." Waliokosa adabu pale ni sisi tuliomwalika.

Kosa hili ni la zamani. Shuleni tulifundishwa kwamba uma ni ustaarabu, mkono ni njaa. Lakini tuangalie Japani. Sushi, ule wali wenye siki na kipande cha samaki juu yake, wengi wanaikula kwa vijiti, na vijiti viko na sheria kali. Hausimamishi vijiti ndani ya bakuli la wali, juu ndivyo wanavyomwekea marehemu chakula. Haupitishi kipande toka vijiti vyako mpaka vya mwenzako, juu ndivyo wanavyookota mifupa kisha kuchoma maiti. Mchuzi wa soya unagusa samaki, si wali. Pamoja na hayo yote, kuchukua sushi kwa vidole haiko aibu hata kidogo. Na wale ndio tunaowaita watu wa maendeleo!

Vitshumbi, ku ziwa Edouard (lile Mobutu alilipa jina la Idi Amin mwaka 1973), mkono nao uko na sheria zake. Mkono wa kuume tu. Unakata tonge dogo, unalikanda, unalibonyeza kwa kidole gumba, unachota mchuzi. Unakula upande wako wa sahani; kuvuka mpaka wa jirani ni ulafi. Mifupa unaitoa polepole, unaipanga pembeni, hautemi. Na hapo vidole vinashinda uma kabisa, juu vinasikia mwiba mbele ya koo.

Hata hivyo tusijisifu mno. Beseni moja la maji kuzunguka kwa watu kumi haiko desturi ya kutetea. Kipindupindu tunakijua, na Ebola ya 2018 mpaka 2020 ilitufundisha kumwagiana maji kwa jagi, na sabuni. Tena kuna jambo linalonichoma zaidi. Katika nyumba nyingi nilizokula kule, mwanamke ndiye alinunua samaki ufukoni, akaipaa, akaipika. Kichwa kikaenda kwa baba, mgongo kwa mgeni. Yeye na mabinti wakabaki jikoni na mkia na mchuzi. Tunaita hiyo heshima. Heshima ya nani?

Watu wa protokole watuletee maji na sabuni kwanza, uma ubaki kwa anayeutaka. Na mama atoke jikoni, akae, apewe samaki yake nzima.