Sherehe ya Pembeni kwa Makala ya Tiba: Neno "Lawalawa" la Singida

Makala ya tiba yahusuyo nchi yetu huandikwa, kwa sehemu kubwa, kwa Kiingereza. Mara kwa mara humo ndani huwamo neno moja la wenyeji, limelazwa kwa herufi za mshazari na kufuatwa na tafsiri ya maneno matano au sita. Msomaji wa London hulipita asigutuke, na huenda neno hilo ndilo lililobeba jambo lote.

Katika makala yahusuyo ukeketaji wa Singida na Dodoma neno lenyewe ni lawalawa. Msomaji wa pwani, alijuaye kwa maana ya peremende, atashangaa. Msomaji wa Kiingereza yeye huambiwa kuwa ni ambukizo la njia ya mkojo au la uke, ambalo wenyeji huamini kwamba huponywa kwa kumkeketa mtoto. Tafsiri hiyo si ya uongo. Ni pungufu, na upungufu wake una hatari, kwa kuwa yaifanya lawalawa kuwa ugonjwa mmoja, kama surua au ndui. Daktari, lau angepewa nafasi pembeni mwa ukurasa, angeandika kwamba hili ni jina la dalili, si la ugonjwa: kuwashwa, wekundu, vipele, uchafu utokao ukeni, kilio cha mtoto akojoapo. Dalili hizo zaweza kuletwa na bakteria, au fangasi, au minyoo midogo, au nguo mbichi mahali ambapo maji ni haba. Na kila moja ina matibabu yake, wala kisu hakimo. Muuguzi angeongeza kuwa dalili nyingine hupungua zenyewe baada ya siku chache, nayo sifa humwendea ngariba. Na mzawa wa Kinyaturu angeuliza swali ambalo mimi sijaliona likiulizwa: je, bibi hulitumia jina hilo kwa mjukuu wa kiume mwenye vipele vile vile? Jibu lake lingetufunza mengi kuliko jedwali zima.

Kisha kuna historia. Makala ya Ali na Strøm katika jarida la Reproductive Health Matters, mwaka 2012, yalichukua anwani yake katika maneno ya kwamba hapo zamani lawalawa haikuwako. Maana yake ni nzito: imani ya tiba ilipata nguvu wakati desturi yenyewe ilipokuwa ikibanwa na serikali. Desturi iliyonyimwa sababu moja ilijipatia nyingine. Asiyejua hayo atadhani kwamba anapambana na ujinga wa kale, kumbe ana mbele yake hoja iliyotungwa karibuni na watu wenye akili zao.

Hata tarakimu zataka sherehe. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba asilimia 51 ya wanawake wa Singida wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa. Ule wa 2015-16 ulionyesha asilimia 31 hivi. Wengi wameyapokea hayo kwa shangwe. Lakini aliyekeketwa hawezi kurudi kuwa asiyekeketwa, na wengi wa wanawake wa uchunguzi wa pili ni wa rika zile zile zilizoulizwa katika ule wa kwanza. Hata kama wasichana wote walioingia katika hesabu kwa miaka hiyo mitano walikuwa salama, ni vigumu kuteremka pointi 20. Ama sampuli zilitofautiana, ama wahamiaji walikuwa wengi, ama wanawake walijibu kwa hadhari, maana Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 imelifanya tendo hilo kuwa kosa kwa wasichana walio chini ya miaka 18. Tena, kwa kuwa wengi Singida hukeketwa wakiwa wachanga, tarakimu ya leo yatueleza visu vya miaka 15 na zaidi iliyopita. Maelezo hayo yangeenea katika mistari minne ya pambizo.

Kazi ya namna hii si ngeni kwetu. Mashairi ya Muyaka yasingalisomeka leo kama Mwalimu Sikujua wa Mombasa asingaliyakusanya na kuyaeleza, na W. E. Taylor kuyaandikia maelezo, hata Hichens akayapiga chapa mwaka 1940. Na katika tiba, wachunguzi wa Bagamoyo walionyesha mwaka 1996 kwamba wazazi wengi hawakuhesabu degedege kuwa malaria, na kwa hiyo mahubiri juu ya malaria yaliwapita kando.

Lawama yangu yatuhusu sisi wa lugha zaidi ya madaktari. Tumezoea kudhani kwamba deni letu kwa tiba ni orodha ya istilahi. Orodha ni kitu chema. Lakini orodha yakupa neno moja la Kiswahili kwa neno moja la Kiingereza, na lawalawa haina mahali humo. Katika mkoa ambamo Kinyaturu, Kinyiramba, Kigogo, Kidatoga na Kihadzabe hukutana, neno la ugonjwa hupita vinywa vingi kabla ya kufika kwenye daftari la zahanati.

Yasemwa kwamba wengi wakiandika pembeni patakuwa na fujo. Ndiyo, patakuwa, kama maelezo yatachanganywa na matini. Yatengwe, kila moja litiwe cheo cha aliyeliandika, na wakihitilafiana daktari na bibi, hitilafu iachwe ionekane; ila jina la mtoto au la kijiji lisiingie kamwe.

Lililo gumu ni mahali pa kuanzia. Muhtasari wa Kiswahili hautoshi, maana hutoa majibu ukaficha maswali. Afadhali kuanza na sehemu ya njia za uchunguzi, palipoandikwa ni nani aliyeulizwa, kwa lugha gani, na kwa neno lipi. Hapo ndipo muuguzi wa Ikungi au Mkalama ana la kusema, na hapo ndipo leo hafikishwi.