Kompyuta Bila ya Mwalimu



Kila kinapotoka chombo kipya cha kompyuta, husikika tena ahadi ile ile: kwamba kwa chombo hiki ujinga utaondoka katika nchi changa. Haifai kuipokea ahadi hiyo kwa shangwe wala kuikataa kwa chuki. Yafaa ipimwe kwa haki, na kipimo cha haki ni kulitazama lililokwisha tendwa. Leo twataka kulitazama moja lililo mashuhuri, nalo ni ule mradi wa "kompyuta moja kwa kila mtoto".

Aliyeuanzisha ni Nicholas Negroponte, mmoja wa waasisi wa Media Lab katika chuo cha MIT huko Marekani. Mwaka 2005 alitangaza kwamba ataunda kompyuta ya dola 100 kwa ajili ya watoto wa nchi masikini. Mwezi wa Novemba mwaka huo, katika mkutano wa Umoja wa Mataifa uliofanywa Tunis, kompyuta hiyo ilioneshwa mbele ya walimwengu, Kofi Annan akiwapo. Ilikuwa ya rangi ya kijani, na ubavuni ilikuwa na mkono wa kuzungusha ili mtoto asiye na umeme ajipatie wake. Mkono ule ulikatika pale pale. Zilipoanza kutoka kiwandani mwaka 2007, mkono haukuwamo tena, na bei ilikwisha fika kiasi cha dola 188.

Hayo hatuyataji kwa kumcheka mtu, maana hapana fundi asiyekosea. Na insafu yataka tuseme kwamba chombo chenyewe kilikuwa kizuri: kilikuwa imara, kilikula umeme mdogo, na kioo chake kilisomeka hata juani. Ila haikuwa katika chombo. Ilikuwa katika fikra iliyokibeba. Bwana Negroponte alishikilia kwamba mtoto akitiwa kompyuta mkononi atajifunza mwenyewe, na kwamba kungojea walimu wafundishwe ni kungojea miaka mingi mno. Mwaka 2011 alifika kusema kwamba kompyuta zaweza kudondoshwa vijijini kwa helikopta, kisha mtu arudi baada ya mwaka atazame yaliyotokea.

Nchi iliyoiitikia fikra hiyo kuliko zote ni Peru. Kuanzia mwaka 2008 serikali yake ilinunua kompyuta zaidi ya 850,000. Kisha Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika ikafanya uchunguzi katika skuli 319 za mashamba, na matokeo yake yakatolewa mwaka 2012. Yalikuwaje? Watoto walizitumia kompyuta, tena sana, na katika majaribio ya akili kwa jumla walionesha kusogea mbele kidogo. Lakini katika hesabu na katika lugha, hapakuonekana tofauti baina ya waliopewa na wasiopewa.

Kwa nini? Takriban skuli zote hizo hazikuwa na intaneti. Walimu walipewa mafunzo mafupi, kisha wakaachwa na darasa lililojaa vyombo wasivyojua wavitie wapi katika somo. Je, msomaji, mtu akikugawia majembe asikuoneshe shamba wala asikupe mbegu, utavuna nini?

Sisi Waislamu hatuna haja ya kulistaajabia jambo hili. Wahyi wa kwanza ulikuja na amri ya kusoma na ukaitaja kalamu. Basi dini yetu haigombani na chombo cha elimu. Lakini wahyi huo huo ulimfikia Mtume wetu (S.A.W.) kwa kusomeshwa na Jibrili, naye akawasomesha Masahaba, na kutoka kwao usomaji wa Qur'ani umepokewa mdomo kwa mdomo hata leo. Misahafu sasa imo hata ndani ya simu. Hata hivyo hapana anayepewa ijaza kwa kuwa anao msahafu. Msahafu haumwambii mtoto, "Hapo umekosea, rudia." Hilo ni la mwalimu.

Tazama sasa Uruguay. Nayo ilianza kugawa kompyuta hizo mwaka 2007, na uchunguzi wa miaka ya mwanzo haukuona faida katika hesabu na kusoma. Lakini haikusita hapo. Iliendelea kuziunga skuli zake kwa intaneti, na mwaka 2012, kwa kuwa walimu wa Kiingereza walikuwa haba, ikaanza kukisomesha kwa njia ya video: mwalimu wa Kiingereza yuko mbali, pengine ng'ambo, na mwalimu wa darasa yuko na watoto wake, nao husaidiana. Peru ilitumai chombo kitasimama mahali pa mwalimu. Uruguay ilikitumia chombo kumleta mwalimu aliyekosekana. Tofauti yote ni hiyo.

Na jambo hili si la ng'ambo tu. Nchini Kenya kompyuta kwa watoto wa darasa la kwanza iliahidiwa katika uchaguzi wa mwaka 2013, na mwaka 2016 vikaanza kugawiwa vishikwambi. Leo twaahidiwa intaneti ya satelaiti na akili mnemba. Basi kabla ya kupiga makofi, tuulize: Ni mwalimu gani atakayekisimamia? Kikiharibika, ni nani atakayekitengeneza? Mali ya umma ni amana, na mtoto ni amana kubwa zaidi.

Wala tusiwalaumu wakubwa peke yao. Mzazi anayempa mwanawe simu ili anyamaze, kisha akajiona amemsomesha, ametenda yale yale ya helikopta ndani ya nyumba yake. Kutupa si kutoa, na kugawa si kufundisha.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie elimu yenye manufaa, na walimu wa kuifikisha.

Wabillahi tawfiq.