Zile Saa Nyingine Anafanya Nani?

Ukipita katikati ya jiji la Nairobi jioni, utakuta vitabu vimetandazwa kando ya njia, na vingi vinaahidi kukupangia maisha. Amka saa kumi na moja. Jenga tabia ndogo ndogo. Tajirika. The 4-Hour Workweek cha Timothy Ferriss bado kiko hapo, ingawa kilitoka 2007. Wasee wengi wa kazi za mtandaoni ninaowajua wamekisoma, wengine kwa PDF iliyozunguka WhatsApp hadi kurasa zikapinda. Nadhani tumekuwa tukikisoma tumekaa upande usio wetu.

Hoja yake ni nyepesi na, tuseme tu haki, ina ukweli. Kazi hutanuka ikajaza muda uliopewa: ukipewa wiki utatumia wiki, ukipewa siku mbili utamaliza kwa siku mbili. Wateja wachache huleta pesa nyingi, na wale wengine huleta kelele. Barua pepe anashauri zifunguliwe mara mbili kwa siku, saa sita mchana na saa kumi. Ushauri huu wa kupunguza ndio sehemu bora ya kitabu. Mtu anayeandika kwa malipo ya kila neno, akikusanya majibu yote na kuyamaliza kwa mkupuo mmoja, anaokoa asubuhi nzima. Nimejaribu, na inafanya kazi.

Shida inaanza hatua inayofuata. Ukishapunguza, Ferriss anakufundisha kumwachia mtu mwingine kilichobaki. Anasifu wasaidizi wa mbali, hasa wa India, wanaojibu barua, kutafuta habari na kupanga miadi kwa malipo madogo kuliko ya Mmarekani. Sura hiyo ina ucheshi na inasomeka haraka. Wasaidizi wanatajwa, wengine hata kwa utani, lakini kitabu hakikai nao kiasi cha kutuonyesha siku yao inavyokwenda. Wanalala saa ngapi? Wanamlea nani? Wana mradi gani wao wenyewe ambao umesimama? Ni kama yule mhusika wa riwaya anayeleta chai, anasema neno moja, anatoka.

Sasa, yule mleta chai ni sisi. Serikali yenyewe, kupitia mpango wa Ajira Digital, imekuwa ikihimiza vijana watafute kazi za aina hii. Saa tatu asubuhi ya San Francisco ni saa moja jioni ya Nairobi, au saa mbili usiku wakati wa baridi yao. Mteja akiwasha kompyuta, wewe ndio unaanza usiku. Bando ni lako, tokeni za stima ni zako, na jirani anayecheza redio ni wako pia. Kazi ikiondolewa kwenye meza ya mtu haipotei hewani. Inatua kwenye meza nyingine, mara nyingi baada ya chakula cha jioni, na inamkuta mtu ambaye naye alikuwa amepanga kuandika kurasa mbili za hadithi yake.

Mwaka huohuo wa 2007, mwezi mmoja kabla ya kitabu hiki, M-Pesa ilizinduliwa Kenya, ikinadiwa kama njia ya kutuma pesa nyumbani. Vitu hivi viwili vina maoni tofauti kabisa kuhusu mtu huru ni nani. Kitabu kinasema uhuru unakuja ukipunguza watu wanaoweza kukufikia. Simu yako inasema watu wako ni wale wanaokufikia. Toleo la 2009 liliongeza mifano ya wasomaji, wakiwemo wenye familia, lakini hesabu haikubadilika: familia inabaki pale unapopeleka muda uliookoa. Kwetu familia iko ndani ya kazi tangu asubuhi. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokatika, na leo nusu ya ninachoandika usiku kinaenda kwa karo ya mdogo wangu. Niliwahi kumwambia mathe kwamba Jumamosi asubuhi sitashika simu, nataka kuandika vitu vyangu. Akajibu, "Sawa mwanangu, lakini mwenye duka hajui Jumamosi." Hakuna sura ya Ferriss inayomjibu mathe.

Oliver Burkeman, kwenye Four Thousand Weeks cha 2021, anakaribia zaidi. Anakumbusha kwamba mtu akiishi miaka 80 anapata takriban wiki 4,000, kwa hiyo kumaliza kila kitu ni ndoto, chagua utakachokiacha. Ni kitabu chenye unyenyekevu, na ningekipendekeza kabla ya vingine vyote vya aina hii. Hata hivyo anazungumza kana kwamba kuacha ni uamuzi wa mtu mmoja chumbani kwake. Huku, ukiacha jambo kuna mtu analishika: dada anayepika wewe ukiandika, ama kaka anayeongeza mia tano kwenye mchango wa matanga kwa sababu wewe hukutuma.

Kwa hivyo usikitupe cha Ferriss. Chukua kupunguza kwake, na ukipeleke pale ambapo hakukusudia: kwa mteja. Mwambie nawe unajibu ujumbe mara mbili kwa siku, na kazi ya usiku ina bei yake. Wengine watakukimbia, na kodi haingoji, kwa hivyo anza na yule anayekulipa kidogo zaidi. Saa utakazopata, kabla hujazipa riwaya yako, keti na yule anayepika wewe ukiandika, muulize yeye anazitaka ngapi. Ana mradi wake pia. Mimi wa kwetu sikuwa nimewahi kuuliza ni upi hadi nilipoanza kuandika makala hii. Anataka kurudi shule ya ushonaji, Jumanne na Alhamisi jioni, saa zilezile ambazo San Francisco huamka.